Jina la Baba Nasteha

Watu waliokuwa ndani ya ukumbi ule wa Garsen asubuhi ya Jumatano walikuwa watano, na wanne kati yao walimjua Kotile. Mkewe, Hawo, alimjua. Baba yake, Mzee Godana, alimjua, maana ndiye aliyemzaa. Mwalimu Josephine Kadzo, aliyewafundisha akina mama ngumbaru katika chumba cha nyuma cha kanisa, alimjua. Hata Levis Tsuma, karani wa taipureta, alimjua, tena vizuri, kwani maziwa aliyotilia chai yake kila siku ya Mungu yalitoka kwa ng'ombe wa Kotile. Asiyemjua alikuwa mmoja tu, na ole wao, huyo ndiye aliyeshika kalamu.

Huyo mmoja alikuwa ofisa wa mchujo. Aliletwa Garsen Jumatatu kuwapiga msasa watu waliokamatwa barabarani bila vitambulisho, atenganishe raia na wageni. Raia waende zao, wageni wapakiwe lori wapelekwe Liboi wakavushwe mpaka. Kazi nyepesi ukiisoma kwenye karatasi. Malaria ilikuwa imemdaka njiani, kwa hiyo alikaa pale mezani na sweta zito la sufi katika joto ambalo mbuzi wenyewe walilikimbia, akitetemeka na kunywa chai ya rangi. Na tusimsingizie, hakuwa mtu mbaya. Alimwamkia Mzee Godana kwa adabu, akaamuru aletewe kiti. Angekuwa mbaya, Hawo angepata angalau mtu wa kumchukia.

Kotile alitoka nyumbani siku kumi na moja kabla, akaenda Malindi kununua dawa ya ng'ombe. Zamani angekwenda na kurudi bila mtu kumuuliza habari. Lakini mwaka huo wa tisini na nane, tangu bomu lilipuke Nairobi mwezi wa nane, kila kizuizi cha polisi kilikuwa kimekaza kamba. Basi likasimamishwa, abiria wakaambiwa watoe vitambulisho, naye Kotile akatoa alichokuwa nacho: karatasi ya kungojea kitambulisho, iliyokunjwa na kukunjuliwa kwa miezi saba mpaka wino ukafifia. Polisi akaitazama ile karatasi, akaitazama pua ya Kotile, akarudi kwenye karatasi.

"Wewe Msomali," akasema.

Kotile akasema yeye ni Muorma wa hapo hapo Tana, na baba yake, na babu yake. Akaambiwa ashuke, hayo atayasema mbele.

Kitambulisho chenyewe kilikwenda na mto. Mwezi wa kwanza, zile mvua za Elnino zilipokuwa zimeshawachosha watu kwa dua, mto ulivunja kingo ukaingia vijijini, ukachukua nyumba yao, ndama saba, na sanduku la bati lililokuwa na karatasi zote za nyumba. Kitambulisho cha Kotile kilikuwamo, na cha Mzee Godana kilikuwamo. Cha Hawo hakikuwamo, na hilo lilikuwa na sababu yake.

Sababu ilikuwa Josephine. Mwaka mmoja na nusu nyuma, kabla ya uchaguzi, mwalimu huyu Mgiriama alianza kuwafundisha akina mama wa Garsen mambo ya uraia. Alikuwa na makaratasi mapana yenye picha, akiyatundika ukutani kwa misumari: huku haki za raia, huku wajibu wa raia. Wanawake wengi walikuja kupumzisha miguu baada ya kuuza maziwa. Hawo alikuja kusikiliza. Ile karatasi ya haki ilimtia shaka kidogo, maana mambo mengi yaliyoandikwa pale hakuwa amewahi kuyaona yakitembea njiani. Lakini ya wajibu aliipenda. Kutii sheria, kupiga kura, kuwa na kitambulisho, kusema ukweli unapoulizwa na mwenye mamlaka. Haya aliyaweza, na mtu hupenda anachokiweza.

Wenzake walimcheka alipokwenda kupiga picha ya kitambulisho. "Hawo, unataka ubunge?" Walimcheka tena siku ya kura, alipovua viatu akavuka maji ya kiuno kwenda kituoni, kitambulisho amekifunga pembeni mwa leso na leso ameifunga kichwani. Josephine alikuwa amemwambia asiachane nacho, naye akachukua neno lile kama lilivyo. Akilala nacho, akikamua nacho. Maji yalipokuja, yalimkuta nacho. Ndivyo ilivyotokea kwamba katika nyumba nzima ya Mzee Godana, mtu wa pekee aliyejulikana na serikali ni mwanamke asiyejua kusoma jina lake.

Kwa hiyo habari zilipofika kijijini kwamba Kotile ameletwa Garsen kwenye mchujo, na kwamba ataachiliwa ikiwa mtu wa nyumba yake mwenye kitambulisho atakuja kumtambua, Hawo hakutetemeka. Ng'ombe haelemewi na nunduye. Alioga, akavaa gauni lake la Idi, akamchukua baba mkwe wake, wakatembea tangu alfajiri, na Garsen wakampitia Mwalimu Josephine. Njiani alikuwa karibu na furaha. Aliona kwamba kile alichochekewa sasa kinakuja kumtoa mumewe kwenye mikono ya watu.

"Mama, unaitwa nani?" ofisa aliuliza.

"Hawo Abdinur."

Alikifungua kipembe cha leso, akakiweka kitambulisho mezani. Ofisa alikigeuza mbele na nyuma, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Levis akapiga taipureta. Mambo yalikwenda vizuri kuliko alivyotarajia.

"Umekuja kumtambua mtu. Ni nani kwako?"

"Bwana yangu."

"Umeolewa naye lini?"

"Miaka kumi na sita. Watoto ine."

"Anaitwa nani?"

Hawo alifungua mdomo, akaufunga.

Ningetaka mtu aelewe vizuri kilichotokea pale, kwa sababu ofisa hakuelewa, na Hawo mwenyewe alielewa akiwa amekwisha kuchelewa. Kwa watu wao, mwanamke akishaolewa hataji jina la mumewe, wala la baba wa mumewe. Si kwamba kuna faini, wala si kwamba kuna mtu atakayempiga. Halitajwi, basi. Mama yake Hawo aliishi na mume miaka arobaini akafa bila jina lile kupita kwenye meno yake. Kulikuwa na muuza dawa pale sokoni anayeitwa Godana pia. Hawo alimwita muuza dawa, na alipotokea muuza dawa wa pili, yule wa kwanza akawa ni yule mfupi. Mumewe alimwita Baba Nasteha kwa jina la binti yao wa kwanza, na kabla Nasteha hajazaliwa alimwita kwa kukohoa. Katika njia nzima ya kuja Garsen hakufikiria hata mara moja kwamba ataulizwa jina. Mtu gani wa Tana angemuuliza mke wa mtu swali kama hilo? Kitambulisho kilipoandikwa aliulizwa la baba yake, na la baba yake analitaja asubuhi na jioni.

"Ni Baba Nasteha," alisema.

"Baba Nasteha si jina, mama. Kila mwenye mtoto ni baba fulani. Nataka jina lake."

"Ni mtoto ya huyu mzee."

"Vizuri. Na huyu mzee anaitwa nani?"

Levis alikuwa ameinamia vidole vyake kana kwamba kuna kimoja kimepotea. Mzee Godana, kitini, alijifunika uso kwa pembe ya shuka, kumpa mkaza mwanawe nafasi, lakini nafasi ya nini? Jina lilikuwepo. Lilikuwa pale nyuma ya ulimi wa Hawo, yote mawili yalikuwa pale, wala hayakutoka.

Josephine alisimama. "Bwana ofisa, naomba nieleze. Kwa mila yao mke hataji jina la mume wala la mkwe. Si kwamba halijui. Mtu huyu namjua mimi, ni..."

"Mwalimu! Tafadhali!" Ofisa aliinua mkono kwa haraka. "Usilitaje. Ukilitaja umemharibia." Akafuta jasho la homa, akachukua fomu, akawaonyesha mstari kwa kalamu. "Mwezi uliopita, huko nilikotoka, mwanamume mmoja alijiwa na wake watatu. Wote watatu hawakumjua, walikuwa wamefundishwa jina nje na dalali wa kulipwa. Tukaonekana wajinga. Ndiyo maana fomu imebadilishwa. Inasema shahidi ataje mwenyewe, kwa kinywa chake, bila kuelekezwa. Mimi sikuiandika."

"Lakini mila..."

"Mila naiheshimu. Hata kwetu tuna mila. Lakini hapa ni ofisi ya serikali, na sheria ni msumeno."

Mzee Godana aliufunua uso. "Mimi baba yake," alisema. "Mimi nasema jina, bwana mkubwa. Mimi naweza kusema. Kijana ni yangu."

"Pole, mzee. Kitambulisho chako kiko wapi?"

"Iko kwa mto."

Ofisa alipekua makaratasi yake, akapata orodha, akashuka nayo kwa kidole. Kwa mara ya kwanza alionekana ameona haya. "Watu wote wa kijiji chenu wasio na vitambulisho nimepangiwa kuwachuja kesho," alisema. "Na wewe umo, mzee. Siwezi kupokea ushahidi wa mtu ambaye sijathibitisha ni raia."

Mzee Godana alikuwa amechimba kwa mikono yake visima viwili ambavyo serikali yenyewe ilikunywa maji yake. Aliketi akamtazama yule ofisa bila hasira, akijaribu kufahamu.

Alibaki Levis. Hawo alimgeukia, na macho yake yalisema wazi: wewe unakunywa maziwa yetu. Levis naye alijua. Lakini Jumatatu ofisa alikuwa ameshatoa onyo kwamba karani mwenyeji akimsemea mtu yeyote atahesabiwa kuwa amehongwa, na kazi yenyewe ilikuwa ya mkataba wa miezi mitatu. Nyumbani alikuwa na watoto watano na mama asiyeona. Wapo watakaosema kwamba mwanamume wa kweli angesema tu, liwalo na liwe. Wanaosema hivyo kwa kawaida wana kazi za kudumu. Levis aliingiza karatasi mpya kwenye taipureta, ingawa ya zamani haikuwa imejaa.

Ofisa akakirudisha kitambulisho cha Hawo. "Lori linaondoka saa saba," alisema kwa upole. "Ukikumbuka jina la mumeo kabla ya hapo, rudi."

Ukikumbuka! Neno lile lilimchoma Hawo kuliko tusi. Alitoka nje akiwa haoni vizuri njia.

Lori lilikuwa limesimama upande wa pili wa uwanja, turubai limeshushwa pande zote, na polisi wawili kwa nyuma. Ndani walikuwamo wanaume kumi na wanne. Jamaa zao waliwekwa mbali, ng'ambo ya barabara, na aliyejaribu kusogea alirudishwa kwa kirungu. Hawo aliona chini ya turubai miguu tu, viatu vya mpira wa gurudumu, na hakuweza kujua ipi ni ya mumewe. Naye Kotile mle ndani hakuwa na habari kwamba amefika mtu wa kwake.

Hawo, mzee na mwalimu walikaa kwenye kivuli cha ukuta wa ukumbi. Josephine alikuwa analia na kukasirika kwa pamoja. "Mimi ndiye niliyewaambia raia akiulizwa hujibu," alisema. "Miaka yote nakaa na nyinyi na sikulifikiria hili. Nilidhani nikiwapa haki zenu kwa picha inatosha."

"Tumtafute Ifrah," Mzee Godana alisema. Ifrah alikuwa dada yake Kotile, na dada hulitaja jina la kaka yake apendavyo. Lakini Ifrah aliolewa Hola, na gari la Hola lilikuwa limekwisha kuondoka, na hata lingekuwapo, lisingewahi kwenda na kurudi kabla ya saa saba.

Hawo aliinuka akaenda nyuma ya ukumbi, mahali palipokuwa na pipa bovu la maji na hakuna mtu. Alitaka ajaribu akiwa peke yake. Alishika ukuta. Akamfikiria Kotile kijana, siku aliyokuja kwao na fimbo mbili na aibu nyingi. Akavuta pumzi akasema silabi ya kwanza. Akatapika maziwa ya asubuhi. Akajifuta, akajaribu tena, na tena ikawa vile vile. Alijiona mjinga na alijiona mchafu, na zaidi ya yote alikuwa na hasira: na ofisa, na fomu, na mama yake aliyemfundisha heshima, na Josephine na makaratasi yake. Mtu atajikamuaje roho yake mwenyewe?

Alipogeuka, baba mkwe wake alikuwa amesimama kwenye pembe ya ukuta, amempa kisogo ili asimwaibishe.

"Binti yangu," alisema kwa Kiorma, kwa sauti ya chini. "Heshima hii nimeipokea kwako miaka kumi na sita. Haikupungua hata siku moja. Mimi sikuianzisha mila hii, kwa hiyo sina uwezo wa kukufungulia. Lakini mtoto wangu wa kiume ni huyu mmoja. Nenda ukaseme. Mimi nitakaa pale mbali, na sitasikia."

"Abba, utasikia. Mlango uko wazi."

"Nitaziba masikio."

Na kweli alikwenda. Alivuka uwanja na fimbo yake mpaka kwenye kigogo kilichoanguka, akaketi, akatia vidole viwili masikioni, mzee mzima wa miaka sabini na kitu, mbele ya watu wote wa Garsen. Wapita njia walicheka. Hawo alimtazama, na hapo ndipo machozi yalipomtoka.

Akapiga moyo konde, akaingia. Kulikuwa na foleni. Mbele yake palikuwa na familia tatu, na ofisa hakuwa mtu wa kukimbiza kazi. Kila mmoja alimuuliza kwa utaratibu, na mmoja akatoka akishangilia kwa kuwa ndugu yake ameachiliwa. Hilo lilimpa Hawo nguvu. Zamu yake ilipofika ilikuwa saa sita na nusu na kitu. Josephine alisimama nyuma yake kidogo, mikono kifuani.

"Ndiyo, mama. Umekumbuka?"

Hawo alijifunika uso wote kwa mtandio. Mle ndani ya kitambaa, katika giza lake dogo, aliusukuma ulimi kwa nguvu zote alizokuwa nazo, nguvu alizotumia mara nne kuleta watoto duniani.

"Kotile," alisema. "Kotile Godana Jilo."

Lilikuwa limetoka. Dunia haikupasuka. Aliushusha mtandio, akaona uso wa Levis. Levis alikuwa anatabasamu. Hakuweza kujizuia, masikini; lilikuwa tabasamu la mtu aliyeondolewa mzigo. Nyuma yake Josephine alisema, "Ahsante, Bwana Yesu," kwa sauti ambayo hata aliye barabarani angeisikia.

Ofisa aliliona tabasamu na aliisikia ile ahsante. Akaweka kalamu chini.

"Jina ni hilo hilo," alisema polepole. "Limelingana na la mshukiwa, yote matatu. Sasa niambie, mama. Asubuhi nilikuuliza mara tatu hukuwa nalo. Hukuwa nalo la mume, hukuwa nalo la mkwe. Ukatoka nje, ukakaa saa mbili na nusu na huyu mwalimu na yule mzee. Sasa umerudi nalo, na la baba, na la babu juu yake. Limetoka wapi?"

"Iko ndani yangu siku zote."

"Lilikuwa ndani, likakataa kutoka?"

"Ndiyo."

"Na sasa limekubali."

"Ndiyo. Nimesukuma."

Ofisa alimtazama. Hakuwa akimdhihaki, hilo Hawo aliliona, na ndilo lililomtisha. Alikuwa mtu mgonjwa aliyekuwa akitafuta kwa dhati ukweli uko wapi, na ukweli ulikuwa umesimama mbele yake na mtandio mkononi, naye hakuwa na chombo cha kuupimia.

Josephine alikuja mbele. "Hakuna aliyemfundisha! Naapa kwa Biblia. Kama anataja mnakataa, kama hataji mnakataa, sasa mama huyu afanye nini? Mnataka raia aweje?"

"Mwalimu, wewe asubuhi ulitaka kulitaja mwenyewe. Nilikuzuia kwa mkono huu. Na karani wangu anacheka. Kama ungekuwa wewe umekaa kiti hiki, ungeandika nini?" Akaichukua kalamu, akaandika, akamsukumia Levis fomu. "Piga."

Levis alisoma. Tabasamu lilikuwa limekwisha kumtoka. Akapiga neno moja, akasimama, akamtazama Hawo, kisha akapiga la pili. Shahidi ameelekezwa. Halafu mhuri.

"Huu si mwisho," ofisa alimwambia Hawo, na aliamini alichosema. "Mumeo, kama ni mumeo, ana haki ya kukata rufaa. Siku kumi na nne, kwa maandishi, Nairobi. Hiyo ni haki yake kamili na hakuna atakayemnyima."

"Yeye atakuwa wapi hiyo siku kumi na ine?"

Ofisa akavuta fomu iliyofuata. Nje lori liliwashwa.

Hawo alikimbia. Hakumbuki alipitaje mlangoni. Lori lilikuwa limekwisha kugeuza uso kuelekea barabarani, na polisi walikuwa wamelikunja turubai la nyuma juu ili wapate hewa, kwa hiyo sasa watu wa ndani walionekana. Wanawake wa ng'ambo wote walikuwa wameingia barabarani, wanapiga mayowe, kila mmoja na mtu wake. Vumbi lilitimka. Kule kwenye kigogo Mzee Godana alikuwa bado ameketi, vidole masikioni, akingoja aitwe kwa mkono, na hakuwa amegeuka.

Kotile alikuwa amekaa wa mwisho kabisa, bega kwa bega na polisi. Alikuwa amekonda.

"Kotile!" Hawo aliita.

Mara ya kwanza lilitoka kwa woga. Ya pili lilitoka kwa hasira, kwa kuwa alitaka ofisa amsikie, na Levis, na polisi, na Garsen nzima, kwamba analijua, amelijua siku zote, hakufundishwa na mtu. "Kotile! Kotile Godana!" Wanawake wawili Waorma waliokuwa karibu walimgeukia, mmoja akajiziba mdomo. Hakujali. Alikimbia kando ya lori akilirudia jina mpaka kifua kikamuuma.

Kotile alisikia. Aliinua kichwa kwa haraka, uso ukamchangamka, akaanza kutazama huku na huku katika lile vumbi na wale wanawake. Hawo akapunga mkono wote. Macho ya mumewe yakapita juu ya uso wake uliojaa vumbi, yakaenda kwa mwanamke wa nyuma yake, kisha kwa wa pembeni, yakirudi, yakitafuta. Miaka kumi na sita sauti ya mkewe haikuwahi kulibeba jina lile, na hakuwa na namna yoyote ya kujua kwamba ni yeye. Alikuwa akimtafuta dada yake.

"Ifrah!" alipaza sauti, akimpungia mwanamke mrefu asiyemjua, aliyekuwa akimlilia mwingine. "Ifrah! Fanya upesi! Mwambie Mama Nasteha aje awaambie mimi ni nani!"